Okoa picha kabla ya kufuta Windows ya zamani
Kompyuta ya familia ikiwa na Windows 10 na Windows 11 kwa pamoja, mfumo wa zamani unakula nafasi bure, na Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025. Kuuondoa ni sawa, lakini haraka inaweza kufuta picha za harusi au kazi za shule za mtoto zilizobaki upande huo.

Mzazi, kwanza nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yamefika. Ingia Windows 11, tafuta msconfig, fungua Boot, chagua Windows 10 na ubonyeze Delete. Zima, washa tena.

Ikiwaka vizuri, fungua Disk Management, ufute sehemu ya diski yenye Windows 10 pekee. Itambue kwa ukubwa na mafaili yaliyomo. Herufi kama C au D hubadilika ukihama mfumo. Sehemu ndogo iliyoandikwa EFI usiiguse: ndiyo inayowasha kompyuta.

Ukiwa na shaka, mwite fundi kabla ya kufuta, si baada.