Kubali yaishe? Yaishe nini?

Kila baada ya miaka mitano kuna maneno mawili ambayo Wakenya huyatoa kabatini, wakayapangusa vumbi na kuwarushia majirani: kubali yaishe. Husemwa jioni ya siku ambayo Mahakama ya Juu imetoa uamuzi kuhusu kura ya urais, na anayeyasema ni upande ulioshinda. Mwaka 2013 yalikuja kwanza kwa Kiingereza, kama amri ya kukubali na kusonga mbele, yakaenea kwenye simu, redioni na mimbarini hadi yakawa kama kifungu cha Katiba. Ukiuliza kuhusu fomu, unaambiwa kubali yaishe. Ukiuliza kuhusu seva, kubali yaishe. Ukinyamaza tu huku uso umekunjamana, eti wewe huna amani moyoni.

Mimi nakataa. Sisemi mahakama isitiiwe. Kutii nakutetea, maana tunajua asiyetii anatupeleka wapi. Lakini kutii na kukubali si mapacha. Kutii ni wajibu, unatimizwa hata kwa moyo mzito. Kukubali ni kazi ya akili, na akili haikubali kitu ambacho haijaonyeshwa. Ndiyo maana hoja hii naileta hapa kwa watu wa vitabu badala ya kuwaachia mawakili: ni hoja kuhusu kusoma.

Hebu tuangalie tarehe. Tarehe 30 Machi 2013, Jaji Mkuu Willy Mutunga na wenzake watano walitupilia mbali kesi za kupinga ushindi wa Uhuru Kenyatta. Uamuzi wenyewe ulisomwa kwa dakika chache. Sababu? Zingekuja baadaye. Zilikuja tarehe 16 Aprili. Katikati hapo, tarehe 9 Aprili, Kenyatta alikula kiapo pale Kasarani. Mwaka 2022 mambo yalikuwa afadhali kidogo. Jaji Mkuu Martha Koome alisoma muhtasari tarehe 5 Septemba, akipitia masuala tisa moja baada ya jingine. Hata hivyo hukumu kamili ilitoka tarehe 26 Septemba, na William Ruto alikuwa ameapishwa tangu tarehe 13.

Mara hizo mbili, basi, Kenya ilimwapisha rais kabla raia hajapewa sababu kamili za mahakama kumhalalisha rais huyo. Na katika siku hizo hizo, wakati hukumu kamili bado iko kwenye kompyuta za majaji, ndipo sauti za kubali yaishe zilipokuwa juu kabisa. Tulitakiwa kukubali kitu gani? Kitabu kilikuwa hakijachapishwa, na tayari tunakaripiwa kwa kutokisifu.

Najua jibu. Majaji wana siku 14 tu za kusikiliza na kuamua, Katiba inasema hivyo, na mlalamishi naye ana siku 7 tu za kuwasilisha kesi. Ni kweli, na ni muda mdogo kupita kiasi. Mwaka 2013 upande wa Raila Odinga uliwasilisha hati ya kiapo ya nyongeza yenye kurasa zaidi ya 800, na mahakama ikaikataa kwa kuwa ilikuja nje ya wakati. Mtu anaweza kuutetea uamuzi huo kisheria. Mimi nauona mwembamba: kurasa 800 hazisomwi, halafu nchi nzima inaambiwa jambo limechunguzwa likaisha. Lakini ufinyu wa muda ni sababu ya kutusihi tuwe na subira. Haugeuki kuwa sababu ya kutunyamazisha.

Na wanaosema yaishe husahau kwamba hii mahakama haikuzaliwa kwenye uwanja mtupu. Baada ya uchaguzi wa 1992, Kenneth Matiba alimshtaki Daniel arap Moi. Matiba alikuwa amepatwa na kiharusi baada ya kuwekwa kizuizini bila kesi, hakuweza kuandika vizuri, kwa hiyo mkewe alitia saini kwa niaba yake akiwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Kesi ikatupwa: saini si ya mlalamishi. Baada ya uchaguzi wa 1997, Mwai Kibaki naye akamshtaki Moi. Hiyo nayo ikatupwa, safari hii kwa sababu Moi hakukabidhiwa hati za kesi mkononi. Rais aliyezungukwa na walinzi usiku na mchana, na wewe unatakiwa umfikie umpe karatasi ana kwa ana! Ukimsimulia mtoto atadhani ni hekaya za Abunuwasi. Lakini zilikuwa hukumu za Jamhuri, zenye muhuri.

Kwa hiyo 2007, Odinga na chama chake cha ODM walipoambiwa nendeni mahakamani, walicheka. Tunajua kilichofuata. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa 1,133, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Mahakama ya Juu iliundwa na Katiba ya 2010 ili kicheko kile kisirudiwe. Mtu wa Kisumu au Mathare anapokunja uso mbele ya runinga, usimwambie amekasirishwa na hukumu moja. Ana rafu nzima ya hukumu kichwani, nyingine amezipokea kwa baba yake.

Nimesema upande mmoja. Sasa upande wa pili, ambao ndio ninaoishi nao na kunywa nao chai, na ambao watanikasirikia.

Pacha wa kubali yaishe ni mahakama imenunuliwa. Nayo husemwa siku hiyo hiyo, kabla ya ukurasa hata mmoja kusomwa, na kazi yake ni ile ile: kuufunga mjadala. Anayesema yaishe anasema hakuna haja ya kusoma kwa sababu majaji wamesema. Anayesema wamenunuliwa anasema hakuna haja ya kusoma kwa sababu majaji ni waongo. Wote wawili wameweka kitabu chini.

Tazama 2017. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Kenyatta, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Ghafla wale wa mahakama imenunuliwa wakawa wanampigia David Maraga makofi, na wale wa kubali yaishe wakasahau kabisa kukubali. Kenyatta mwenyewe alitokea kwenye runinga akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Vizuri sana, huko ndiko kutii ninakokusema. Siku hiyo hiyo akaenda soko la Burma, na pale mbele ya umati majaji wakageuka kuwa wakora. Jameni! Katika hukumu zote hizi, zenye mamia ya kurasa za Kiingereza, neno moja la Kiswahili lililobaki vichwani mwa watu ni wakora.

Si mzaha. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi na kujeruhiwa. Kesho yake mahakama ilitakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio. Walifika majaji wawili. Akidi ni watano. Kesi haikusikilizwa, na tarehe 26 uchaguzi ukafanyika huku upinzani umesusia. Anayedhani maneno ya sokoni ni maneno tu akumbuke viti vitupu vya asubuhi ile.

Na walioshangilia 2017, walisoma nini? Wengi wetu hatukujua hata kilichoamuliwa. Mahakama haikusema Odinga alishinda. Haikusema kura ngapi ziliibwa na nani. Ilisema njia iliyotumika kufikia matokeo haikufuata Katiba na sheria: matokeo yalitangazwa bila fomu zote kuwapo, baadhi ya fomu zilikosa alama za usalama, na tume ya uchaguzi ilikataa kufungua seva kama ilivyoamriwa. Majaji walisema uchaguzi ni mchakato mzima, wala si jumla ya mwisho pekee. Hoja nzito hiyo, inayostahili kujadiliwa kwa mwaka mzima. Pia kulikuwa na maoni pinzani ya majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u. Ndung'u alizipitia fomu zilizolalamikiwa akasema baadhi ya kasoro zilizodaiwa hazikuwapo. Mpenda haki angetaka kujua nani kati yao yuko sahihi. Sisi tukamtukana mama wa watu na kuendelea na sherehe.

Mwaka 2022 tukarudia. Makamishna wanne wa tume, wakiongozwa na Juliana Cherera, waliita wanahabari na kusema asilimia za wagombea zilizidi 100 kwa 0.01, na kwamba ziada hiyo ni sawa na kura 142,000. Waliopiga kura walikuwa kama milioni 14.2. Asilimia 0.01 ya hizo ni 1,420. Hesabu ya shule ya msingi, na simu yenye kikokotoo tulikuwa nayo mkononi, hiyo hiyo tuliyoitumia kusambaza kauli yao. Na fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa kwenye tovuti, wazi kwa yeyote. Mwananchi alipewa nyaraka ghafi. Waliokaa wakazijumlisha walikuwa wachache, wakapata jumla za karibu sana na zile za tume, na hakuna aliyewapenda.

Kwa maoni yangu, ushahidi uliofikishwa mbele ya Koome na wenzake haukutosha kuufuta uchaguzi ule. Nimesoma hukumu kamili na sikuona njia nyingine. Lakini majaji nao walitukosea kwa kalamu yao. Baadhi ya ushahidi waliuita hewa ya moto, nahau ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni porojo. Umati ukaidaka. Kuanzia jioni ile hukumu nzima ikawa ni ile hewa ya moto, kwa wanaocheka na wanaolia vilevile. Hakimu wa kata anajua kwamba anayepoteza kesi ndiye anayesikiliza kwa makini zaidi. Hukumu huandikwa kwa ajili yake. Mshindi hata haihitaji.

Tulichokosa kwa kushughulika na nahau hiyo ni hiki: ndani ya hukumu ile ile, mahakama iliigeukia tume ya uchaguzi. Ilisema mgawanyiko wa makamishna si sababu ya kufuta kura za wananchi, lakini ikapendekeza majukumu ya mwenyekiti, makamishna na watendaji yawekwe wazi, na seva zishikwe na wafanyakazi wa tume peke yao wakati wa uchaguzi. Mapendekezo haya yangeweza kuwaunganisha waliocheka na waliolia. Nani aliyashikilia? Mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili waliondoka Januari 2023 muda wao ulipokwisha, na Kenya ikakaa bila kamishna hata mmoja hadi Julai 2025. Zaidi ya miaka miwili! Wananchi wa maeneo yaliyopoteza wabunge wao walibaki bila mwakilishi kwa sababu hakukuwa na wa kuitisha uchaguzi mdogo. Yaliisha kweli, lakini kwa wenye nafasi zao tu.

Rafiki zangu wa Tanzania hunicheka nikianza haya. Kwao ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea akishatangazwa na tume kuwa amechaguliwa rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Mahakama ya Afrika, yenye makao Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ibara bado ipo. Wao hawana hata hukumu ya kutoisoma.

Sisi tunayo, na ndiyo maana uvivu wetu unaniudhi. Humu mitandaoni tunaichambua riwaya mpaka nukta: msimulizi ni nani, amenyamazia nini, kwa nini sura ya tatu ni fupi. Hukumu ya urais ina msimulizi, ina wahusika, ina mambo iliyoyanyamazia, na maoni pinzani ya 2017 ni sauti ya pili kamili inayoibishia ya kwanza. Sijaona hakiki moja ya Kiswahili iliyozisoma hukumu hizi hivyo. Tumewaachia mawakili, nao wanaandikiana wenyewe.

Bila shaka dereva wa bodaboda hana muda wa mamia ya kurasa za Kiingereza cha sheria, na simlaumu. Namlaumu anayemdai akubali kitu kilichoandikwa kwa lugha ambayo hakuwekewa daraja la kuifikia. Katiba, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Katiba yenyewe imetafsiriwa. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa 20, ukitolewa siku ile ile ya uamuzi kabla ya zulia la kiapo kutandikwa, hauwezi kuishinda taasisi yenye majaji saba na wasaidizi wao.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kesi ikiwapo, na sioni kwa nini isiwepo, itaamuliwa kabla ya katikati ya Septemba. Vyumba vya habari vitakuwa na vichwa viwili tayari, cha ushindi na cha kushindwa, kama kawaida yetu. Hukumu ya 2022 ipo mtandaoni bure. Anzeni na mapendekezo ya mwishoni, halafu mwulizeni kamishna yeyote mtakayekutana naye ni lipi limetekelezwa.