Hawaonekani kwa Sababu ya Ngazi

Mwandishi aliyedai kuwa njia za mteremko ni gharama bure, kwa kuwa watumiaji wa viti vya magurudumu hawaonekani maofisini, amegeuza matokeo kuwa sababu. Hawaonekani kwa kuwa ngazi zimewafungia nje. Kizingiti cha sentimita 15, kwa kipimo cha 1 kwa 12, kinahitaji mteremko wa mita 1.8 tu; kinachotafuna fedha ni kubomoa baadaye. Mfano upo: vituo vya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam vina sakafu inayolingana na ya basi, na wazee wananufaika pia. Mwandishi huyo pia anasifu vijana wanaombeba mlemavu ngazini. Mtu mzima kubebwa kama mzigo! Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki, si hisani. Ramani isiyo na mteremko isipewe kibali cha ujenzi.