Mtu Kabla ya Kundi: Hoja za Andrew Sullivan Kuhusu Uanaume, Utambulisho na Umimi

Mabishano ya Wamarekani kuhusu jinsia, uanaume na haki za makundi yanatufikia kila siku kupitia simu za mkononi, na mara nyingi yanatufikia yakiwa yamekwisha kugawanywa katika kambi mbili, nasi tunatakiwa tu kuchagua ya kushangilia. Tumeona inafaa kumtazama mwandishi mmoja ambaye kambi zote mbili hushindwa kujua zimweke wapi. Andrew Sullivan alizaliwa Uingereza mwaka 1963 katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Alisoma Oxford, kisha Harvard, ambako tasnifu yake ya udaktari ilihusu mawazo ya mwanafalsafa Michael Oakeshott. Kuanzia mwaka 1991 hadi 1996 alikuwa mhariri wa jarida la The New Republic. Ni mhafidhina, ujana wake aliupitisha akiwaunga mkono Margaret Thatcher na Ronald Reagan. Ana mwelekeo wa mapenzi ya jinsia moja, na huandika juu ya jambo hilo waziwazi. Na bado anajiita Mkatoliki.

Tuseme mapema mahali tunapotofautiana naye. Mwaka 1989, wakati ambapo hata wanaharakati wengi hawakulitaka jambo hilo, aliandika makala akitetea ndoa ya kiserikali kwa watu wa jinsia moja, na mwaka 1995 akatoa kitabu chake Virtually Normal. Mahakama Kuu ya Marekani iliiruhusu ndoa hiyo nchi nzima tarehe 26 Juni 2015. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ni agano kati ya mwanaume na mwanamke, nalo halina mamlaka ya kufundisha vinginevyo. Hata hivyo, sababu alizozitoa zinastahili kusikilizwa, kwa kuwa hazikuwa zile zinazozoeleka. Alisema kwamba ndoa humfunga mtu katika wajibu, humtuliza na kumfundisha uaminifu. Alitaka dola imtendee kila raia kwa sheria ileile moja, na baada ya hapo harakati zifungwe na watu warudi majumbani kwao kuishi.

Harakati hazikufungwa, na hapo ndipo lilipoanzia pambano lake la pili. Mwaka 2017 aliandika makala ndefu akidai kwamba vyama viwili vya Marekani vimekwisha kugeuka kuwa makabila: mtu haulizwi tena anafikiri nini, anaulizwa ni wa nani. Mwaka uliofuata alionya kwamba desturi ya vyuo vikuu, ya kumpima mtu kwanza kwa rangi, jinsia na mwelekeo wake, imetoka madarasani na kuingia maofisini na magazetini. Mwaka 2020 yeye mwenyewe aliachana na jarida la New York, akieleza kwamba wengi wa wenzake hapo hawakutaka tena kuhusishwa naye.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana siasa za utambulisho. Nchini Rwanda, mwaka 1994, neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho lilitosha kuamua nani avuke kizuizi cha barabarani na nani auawe. Na wengi wa waliouawa, pamoja na wengi wa waliowaua, walikuwa wamebatizwa kwa ubatizo uleule. Hatusemi kwamba mabishano ya vyuo vya Marekani yanafanana na msiba huo. Tunasema tu kwamba tunaijua njia hiyo inakoanzia: siku ambayo jina la kundi hutosha, na jina la mtu halina haja tena ya kuulizwa.

Wapinzani wake wana jibu, nalo si jepesi. Wanasema kwamba Wamarekani weusi hawakuchagua kuwa kundi. Sheria ndiyo iliyowafanya kundi, na kumwambia mtu huyo leo ajione kama mtu binafsi tu ni kumnyang'anya kumbukumbu ya aliyotendewa. Tena hawajasahau kwamba mwaka 1994, Sullivan akiwa mhariri, jarida lake lilichapisha makala iliyotokana na kitabu The Bell Curve, kilichozua ghadhabu kubwa kwa madai yake kuhusu rangi na akili, ingawa iliambatana na majibu ya wapinzani wengi. Sisi tunaona lawama hiyo ina uzito. Anayesema kwamba maumbile yana sauti, anapaswa kuwa mwangalifu sana asije akayasemesha yale ambayo hayakuyasema.

Na juu ya maumbile amesema mengi. Mwaka 1993 aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI. Baadaye, kama sehemu ya matibabu, akawa anadungwa sindano za testosteroni, ile homoni ambayo wanaume wanayo kwa wingi zaidi. Mwaka 2000 alieleza katika New York Times Magazine jinsi mwili na roho yake vilivyobadilika: nguvu, kujiamini, tamaa, hasira ya kuwaka ghafla hata akakaribia kupigana na mtu asiyemjua. Hitimisho lake lilikuwa kwamba tofauti kati ya wanaume na wanawake si mapokeo ya jamii peke yake. Mwaka 2018, katikati ya wimbi la wanawake waliokuwa wakifichua unyanyasaji wa kijinsia, alilirudia hilo: maumbile ya kiume hayawezi kuwa kisingizio cha uovu, lakini kijana anayeambiwa kwamba uanaume wenyewe ni ugonjwa hatafundishika.

Hapa tunakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila tunaona ameishia njiani. Homoni inaweza kueleza nguvu. Haiwezi kueleza nguvu hiyo ni ya kumtumikia nani. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Patris Corde wa tarehe 8 Desemba 2020, anasisitiza kwamba mtu hawi baba kwa kuleta mtoto duniani tu, bali kwa kuwajibika juu ya maisha ya mwingine. Mtakatifu Yosefu hana neno hata moja lililoandikwa katika Injili. Aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, wakaenda Misri. Tungependa vijana wetu, ambao siku hizi wanafundishwa uanaume na wauzaji wa maneno mitandaoni, wamwone huyo kwanza.

Liko pia swali tunalomwuliza Sullivan kwa heshima: ikiwa mwili unasema kweli kuhusu uanaume, kwa nini usisikilizwe unaposema kuhusu ndoa? Yeye hujibu kwamba mwelekeo wake nao ni sehemu ya maumbile, hakuuchagua. Katekisimu yenyewe haidai kwamba aliuchagua; inauita jaribu kwa wengi, inawaalika katika usafi wa moyo, na inatuagiza sisi wengine tuwapokee kwa heshima, huruma na uangalifu, bila ubaguzi usio wa haki (KKK 2357-2359). Agizo hilo la mwisho husomwa kwa haraka katika parokia zetu, pengine kwa sababu linatuhusu sisi. Wako wazazi wanaoketi katika jumuiya ndogondogo wakisikiliza kicheko juu ya watu wa namna ya mtoto wao, na wananyamaza.

Inashangaza ni wachache kiasi gani wanaokumbuka barua ya Vatikano ya tarehe 1 Oktoba 1986, iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger. Barua hiyo ni kali kuhusu matendo, na kwa sababu hiyo Sullivan ameipinga kwa miaka mingi. Lakini inalaani ukatili wa maneno na wa vitendo dhidi ya watu hao, na karibu na mwisho inakataa kabisa kumtaja mtu kwa mwelekeo wake: utambulisho wa msingi wa kila mtu ni kuwa kiumbe wa Mungu na, kwa neema, mwana wake. Miaka mingi kabla ya mabishano ya leo, hoja bora ya Sullivan dhidi ya lebo ilikuwa imekwisha kuandikwa na ofisi aliyokuwa akishindana nayo.

Tofauti ni kwamba yeye anapomtoa mtu katika kundi, humwacha na uhuru wake. Kanisa humpeleka kwa Baba, na kwa hiyo kwa ndugu. Fransisko, katika Fratelli Tutti, aliuita umimi uliokithiri kuwa ni kirusi kigumu kukiondoa. Sullivan anajua hasara hiyo. Mwaka 2018 aliandika juu ya Wamarekani wanaokufa kwa dawa za kulevya za jamii ya afyuni, akiona ndani yake upweke wa watu waliopoteza kazi, ujirani na imani kwa pamoja. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amesimulia jinsi intaneti ilivyommaliza yeye mwenyewe, akaiacha, akaenda kutafuta kimya katika kituo cha taamuli huko Massachusetts. Aliandika kwamba makanisa yangewavuta tena vijana kama yangetambua kuwa adui mkubwa wa imani leo si anasa, bali akili isiyotulia. Nyumba aliyokwenda kunyamaza ilikuwa zamani ya malezi ya watawa Wakatoliki. Siku hizo waliomfundisha kunyamaza humo walikuwa walimu wa taamuli ya Kibudha.