Jilipe mshahara kwanza, gawio baadaye

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ana kampuni yake pembeni, ya kuchapisha fulana na mabango. Yeye ndiye mkurugenzi, yeye ndiye mwenye hisa zote, na yeye ndiye anayebeba mizigo hadi stejini. Mwaka jana alipokaa na mhasibu kufunga hesabu, aliulizwa: hizi shilingi 640,000 zilizotoka kwa Till kwenda kwa simu yako ni nini? Mshahara? Mkopo? Gawio? Akajibu, "Si ni pesa yangu." Mhasibu akacheka, halafu akaacha kucheka.

Tunajua si yeye peke yake. Till inalia, pesa inaingia, kodi ya nyumba imefika, unahamisha. Jumamosi kuna mchango wa harusi, unahamisha tena. Ni rahisi, na sisi ndio tumeirahisisha, kwa hivyo hatuwezi kujifanya hatuhusiki.

Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015, mtu mmoja anaweza kusajili kampuni binafsi akiwa peke yake. Lakini hiyo kampuni, mbele ya sheria, ni mtu mwingine. Ina PIN yake KRA, ina madeni yake, na ile pesa ya Till ni yake. Wewe unaipata kwa njia zinazojulikana: mshahara, gawio (ule mgao wa faida), kurudishiwa gharama, au kulipwa deni ulilokuwa unaidai kampuni. Ukitoa bila kusema ni njia gani, KRA inaweza kukuchagulia. Sheria ya Kodi ya Mapato inaweza kuhesabu pesa au mali ambayo kampuni imempa mwenye hisa kuwa gawio, hata kama hakuna mtu aliyeliita hivyo.

Msimamo wetu ni huu: kwa mtu wa kampuni ndogo, anza na mshahara. Wengi wameambiwa kinyume, ati gawio hukatwa asilimia 5 tu na mshahara unaliwa na PAYE. Hiyo asilimia 5 ni kweli, na kwa mkazi wa Kenya ni kodi ya mwisho. Kile hawakuambii ni kwamba gawio hutoka kwa faida ambayo tayari imelipa kodi ya kampuni ya asilimia 30. Mshahara wako, kwa upande mwingine, ni gharama ya kampuni. Unaondolewa kabla hiyo asilimia 30 haijahesabiwa.

Tupige hesabu, kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2023 na mabadiliko ya Desemba 2024. Tuseme unajilipa mshahara wa 50,000. NSSF inakata 3,000, SHIF 1,375, na ada ya nyumba 750. Zote tatu zinaondolewa kabla ya PAYE, kwa hivyo unatozwa kodi kwa 44,875. Ukishatoa ile nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, PAYE inabaki kama 5,846. Mfukoni unapata karibu 39,029. Kampuni nayo inaongeza 3,000 za NSSF na 750 za ada ya nyumba, kwa hivyo umeigharimu 53,750.

Chukua hizo 53,750 sasa uzipitishe kwa gawio. Kodi ya kampuni inachukua 16,125, zinabaki 37,625. Asilimia 5 inaondoka, unabaki na 35,744. Mshahara umekushinda kwa zaidi ya 3,200 kila mwezi, na bado una 6,000 zako NSSF ambazo gawio halikukupa.

Faida hii haiendi hadi juu. Sehemu ya mshahara inayotozwa asilimia 30, ukiweka NSSF kando, hukufikishia karibu shilingi 66 kwa kila 100 inayotumia kampuni. Gawio linakufikishia 66.50. Hapo ni sare. Ukivuka mapato ya 500,000 kwa mwezi, PAYE inapanda hadi 32.5 na baadaye 35, na gawio linaanza kushinda. (Ukifika huko, tafadhali ajiri mhasibu na uache kusoma sisi.) Pia kama umeajiriwa kwingine na nafuu yako inatumika huko, huwezi kuitumia mara ya pili, kwa hivyo hesabu yetu ya juu haikufai.

Kuna kundi lingine: kampuni zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka zinazolipa ile kodi ya mauzo, TOT. Hiyo ni asilimia 3 ya mauzo yote, hakuna kuondoa gharama, kwa hivyo mshahara haupunguzi chochote upande wa kampuni. Jua uko upande gani kabla hujaamua.

Mkopo kutoka kwa kampuni yako ndio mtego tunaouona ukipendwa zaidi. "Nitarudisha." Ukijikopesha bila riba, au kwa riba ya chini ya ile KRA hutangaza, kampuni inatozwa asilimia 30 ya ile tofauti. Lakini ikiwa wewe ndiwe uliyeikopesha kampuni, tuseme ulinunua mashine kwa akiba yako ya Sacco, kurudishiwa hiyo pesa si mapato. Andika tu mapema, weka risiti.

Na kama kuna inayobaki, kampuni inaweza kukuchangia pensheni iliyosajiliwa. Hadi 30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwa ndani yake, haitozwi kodi, mradi haizidi asilimia 30 ya mshahara wako. Watu wa rika letu hawapendi kusikia neno pensheni, tunajua.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chagua siku moja ya mwezi, hamisha mshahara mara moja, na uandike "mshahara" kwenye maelezo. PAYE iwe imefika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Gawio likitoka, andika azimio hata kama mkutano ni wewe na kikombe cha chai, ukate ile asilimia 5 na uiwasilishe ndani ya siku 5 za kazi.

Mwenzetu? Risiti zilipatikana za kama 210,000, wino na fulana alizokuwa amenunua kwa simu yake mwenyewe. Zilizobaki ziliingizwa kama mshahara, na PAYE ikalipwa pamoja na faini. Siku hizi anajilipa tarehe 28. Mchango wa harusi ukija tarehe 20, anasema hana.