Risala ya watumishi wa kumbukumbu na TEHAMA, Nsemulwa

Ndugu Mgeni Rasmi,

Muda wako ni mfupi, kwa hiyo tunakwenda moja kwa moja kwenye seva.

Seva yetu ina diski nne zilizounganishwa na mfumo wa ZFS kuwa hifadhi moja, kwa mpangilio wa RAID-Z1. Diski moja ikifa, tatu zilizobaki hubeba kazi. Ikifa ya pili kabla ya kwanza kubadilishwa, hifadhi yote imekwenda. Sasa moja imekwishakufa. Onyo tumelipeleka kwa barua, na si barua moja. Diski zote nne zilinunuliwa pamoja na zimefanya kazi saa zilezile. Hatuoni sababu ya hizo tatu kuishi sana.

Tulijibiwa kwamba bakapu ipo. Bakapu hiyo ni snapshoti zilizokaa ndani ya hifadhi ileile. Snapshoti humwokoa aliyefuta faili kwa bahati mbaya. Diski zikifa, nazo zinakufa.

Kisha akaletwa fundi wa kuongeza diski moja kubwa, maana nafasi imejaa kupita asilimia 90. Programu ilimkatalia, akataka kuilazimisha, tukamzuia. Diski hiyo ingekaa peke yake bila nyingine ya kuilinda, na siku ikifa ingeondoka na mafaili yote, hata yaliyo kwenye diski zilizo nzima. Wala isingeondoleka tena. Kupanua RAID-Z kwa diski moja moja kumewezekana tangu OpenZFS 2.3 ya Januari 2025. Toleo letu ni la zamani. Na tusifichane: nafasi haikuliwa na kumbukumbu za wananchi. Imeliwa na video za harusi na za mpira kwenye folda ya pamoja isiyo na ukomo. (Wenye video wamo humu ukumbini, watuwie radhi.) ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, hutafuta mahali papya kila mara, nafasi ikibana inakuwa nzito, na foleni dirishani inarefuka.

Hatuombi seva mpya. Tunadai diski ya kubadilisha wiki hii, na nyingine ya akiba kabatini, kwani reli inaishia hapa Mpanda na hakuna kifaa cha Dar es Salaam kinachopita kwa bahati. Tupewe mamlaka ya kuwekea kila idara ukomo wa nafasi, bila kusubiri simu ya mkubwa yeyote. Hifadhi ikaguliwe kila mwezi. Nakala ya pili ikae jengo jingine, imefungwa kwa nywila: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku saba. Diski ya pili ikitangulia, nakala za barua zetu zote zipo kwenye jalada la karatasi.

Tunawasilisha.