Serikali Haina Dini, Karani Anayo



Mwenzetu mmoja ametuuliza: "Katiba yasema nchi yetu haina dini. Je, niingiapo ofisini niiache dini yangu mlangoni?" Swali hili ni jema, na kwa kuwa twakaa Kigoma na Ujiji, mahali ambapo adhana na kengele husikiwa na masikio yale yale, twaona yafaa tulijibu.

Kwanza na ifahamike kwamba isiyo na dini ni Serikali, si mtu. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, nchi ilikuwa na watu wa imani nyingi. Ujiji ulikuwa mji wa Waislamu tangu siku za misafara. Wamisionari wa kutoka London waliufikia mwaka 1878, na Mapadre Weupe mwaka 1879, na leo huko Kasulu na Kibondo makanisa ni mengi. Kama Serikali ingalishika dini moja, raia wengi wangalikuwa wageni katika nchi yao wenyewe.

Mfano twao hapa hapa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mhubiri wa Ahmadiyya na mshairi mashuhuri. Mwaka 1963 aliwekwa kuwa Waziri wa Sheria. Hakuuvua usheikh wake ili awe Waziri, wala sheria za nchi hazikugeuka kuwa za madhehebu yake.

Lakini tusijidanganye kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misioni, na kwa hiyo viti vingi vya ukarani vilikaliwa na Wakristo, si kwa kuwa Waislamu walikosa akili, bali kwa kuwa walikosa mlango. Mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule hizo ili watoto wote waingie. Tena, Desemba 1968 Serikali iliipiga marufuku jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyoitwa East African Muslim Welfare Society, na BAKWATA ikashika nafasi yake. Waislamu wengi waliuliza, na wako waulizao hata sasa: Serikali isiyo na dini ilitafuta nini humo? Hatuandiki haya ili kutonesha kidonda. Twayaandika ili ijulikane kwamba jambo hili lote lasimama juu ya kuaminiana, na imani ya raia hupimwa mezani petu kila asubuhi.

Chukueni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Yakubali ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali, zote kwa heshima moja. Basi karani apokeaye hati ya padre papo hapo, kisha akamwambia mwenye hati ya sheikh, "Njoo kesho," au akafanya kinyume chake, huyo ameipa Serikali dini kwa mkono wake mwenyewe. Vivyo hivyo, tangu hesabu ya watu ya mwaka 1967 Serikali haikuwauliza tena raia dini zao katika hesabu zilizofuata. Karani naye ana haja gani kuuliza pale ambapo fomu haiulizi?

Na sisi kwa sisi tusaidiane. Mwenzako aendapo sala ya Ijumaa, mshikie meza yake. Naye atakushikia yako siku utakapokuwa na haja. Chama cha watumishi Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Waislamu na Wakristo waliketi baraza moja. Hatuna budi kulitunza jambo hilo.

Basi jibu letu kwa mwenzetu ni hili: usiiache dini yako mlangoni. Ingia nayo, ikuzuie kula rushwa na ikufundishe subira mbele ya mjane aliyekuja kwa miguu toka mbali. Ila usimpimie nayo mtu yeyote aliyekuja mezani pako na shida yake.