Kura ya Aliye Ng'ambo Iishie kwa Rais?



Mwenzetu mmoja wa hapa karakana, fundi wa kuchomea vyuma, alikwenda Qatar kutafuta kazi. Uchaguzi wa 2022 ulimkuta huko, naye alikuwa amejiandikisha, akapiga kura. Baadaye alituuliza, "Mbona nimepewa karatasi moja tu?"

Sisi siku hiyo tulipewa sita: Rais, Gavana, Seneta, Mbunge, Mwakilishi wa Wanawake na Mjumbe wa Wadi. Yeye Rais, basi.

Haya, tufikiri. Kwa Katiba ya 2010 tuna serikali za kaunti 47. Zahanati ni mambo ya kaunti, na masoko, na barabara za vijijini, na shule za chekechea. Mama wa fundi huyu hutibiwa katika zahanati ya kaunti. Dawa zikikosekana, ni mwanawe anayetuma fedha kutoka Doha zinunuliwe dukani. Basi mwenye kulipia upungufu wa zahanati hana neno juu ya Gavana anayeisimamia!

Wako wasemao kwamba aliye mbali hajui shida za nyumbani. Maneno hayo sisi watu wa reli hatuyakubali. Wengi wetu hulala mbali na kwetu mwaka mzima, na siku ya kura twapanda basi kwenda kuchagua Gavana wa kwetu, wala hapana anayetuzuia.

Lakini tuseme kweli. Wadi ni 1,450. Kupeleka karatasi za kila wadi mpaka Doha na London ni kazi kubwa mno, tena katika wadi ndogo kura chache za mbali zaweza kumwangusha mtu anayetakiwa na wenyeji. Hilo tuliache kwanza. Karatasi za Gavana ni aina 47 tu, na za Seneta vivyo hivyo.

Kifungu cha 82 cha Katiba chataka haki ya walio nje itimizwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walioandikishwa nje walikuwa 2,637, katika Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2022 nchi zilikuwa 12 na watu 10,443. Nchi zimeongezeka, watu wameongezeka, karatasi ni ile ile moja.

Twaomba jambo hili liwekwe mbele ya mkutano ujao wa tawi, lipate kupelekwa juu mapema kabla ya uchaguzi wa 2027. Fundi wetu ametuarifu kuwa mkataba wake mpya hauishi mpaka 2028.